Mama anasema baba si yeye, ni mtu mwingine mwenye sura yake. Tufanyeje?

Binti_Mkubwa: Wakuu, naomba ushauri. Mama ana miaka 72, hajawahi kuugua akili. Sasa ni wiki tatu anashikilia kwamba baba ameondolewa, aliyebaki ni mtu aliyefanana naye. Sisi watoto anatutambua. Baba akimpigia simu anamjua, akiingia sebuleni anamkataa. Jioni huona pia watoto wadogo wamekaa kwenye kochi. Ndugu wanataka abishiwe mpaka akubali. Tuanzie wapi?

Tabibu_Mzoefu: Pole sana dada. Hiyo huitwa Capgras, jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1923 pamoja na mwenzake Reboul-Lachaux. Ila ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Nyuma yake huweza kuwapo skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kuona na kuamini yasiyokuwepo), sonona kali, kifafa, jeraha la kichwa au demensia, yaani ubongo kudhoofika na kupoteza kumbukumbu na uelewa. Kwa umri wake, tena akiona watoto wasiokuwepo, mimi nafikiria kwanza demensia ya Lewy, aina ya demensia ambayo mgonjwa huona vitu visivyokuwepo. Chunguzeni: usingizini anapiga mateke na kelele? Mwendo umekuwa mzito? Kuna saa yuko timamu na saa amepotea kabisa?

Kuhusu simu, maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: ubongo bado unaitambua sura, ila ile hisia ya "huyu ni wangu" haiji. Akili inatafuta sababu, inaipata: amebadilishwa. Sauti hupita njia nyingine. Kwa hiyo kubishana naye hakutafua dafu, kutamwongezea hofu tu.

Nesi_wa_Zamu: Naongezea. Hali ikibadilika ndani ya saa au siku chache, akawa anasinzia au hafuatilii mazungumzo, hiyo ni dharura. Kwa wazee mara nyingi ni maambukizi au dawa. Ombeni vipimo vya mkojo, sukari, sodiamu, figo, thairoidi, vitamini B12, kaswende na VVU, kisha picha ya ubongo. Bebeni dawa zake zote, hata za mafua, mzio na usingizi.

Na hili msilisahau: mtajieni daktari hao watoto anaowaona kabla hajaandika haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili. Mwenye demensia ya Lewy dawa hiyo inaweza kumkakamaza mwili, kumpotezea fahamu, hata kumuua. Muulizeni kuhusu rivastigmini au donepezili, dawa za demensia.

Binti_Mkubwa: Asanteni. Jana tumekuta kisu chini ya mto wake.

Tabibu_Mzoefu: Basi msingoje miadi, apelekwe hospitali leo. Mgonjwa wa namna hii anaweza kumshambulia "mgeni" akiamini anajilinda. Visu, dawa na sumu vifungiwe, baba alale chumba kingine. Kabla hajaonekana, baba aanze kuongea akiwa nje ya mlango, sauti imtangulie. Msikubali kwamba ni tapeli, wala msibishe. Mwambieni, "Naona una hofu mama, niko hapa." Akipandisha hasira, baba atoke, arudi baadaye.

Nesi_wa_Zamu: Akianza kusema amekufa au utumbo wake umeoza, hiyo ni Cotard, iliyoelezwa Paris mwaka 1880. Mara nyingi huja na sonona kali. Hatari yake ni kugoma kula na kunywa, au kujiua. Msimwache peke yake hata kidogo, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo. Tiba ya umeme chini ya nusukaputi huwasaidia wengi wao, msiikatae kwa woga wa jina lake.