Nilimfokea mama mwenye mtoto mgonjwa, sasa haji tena kliniki. Nifanyeje?

Nesi wa Kijijini: Wakubwa shikamooni. Niko zahanati moja huku Urambo, zamu nyingi niko peke yangu. Mwezi wa tatu, watu wakiwa mabanini wakikausha tumbaku, mama mmoja alileta mtoto mwenye homa ya siku tatu. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikamfokea mbele ya foleni: "Ulikuwa wapi siku zote? Tumbaku ina thamani kuliko mwanao?" Kipimo kikaonyesha malaria, nikampa dawa ya mseto, akaondoka bila kuinua uso. Mtoto alipona. Ila siku za kupima uzito hajaja mara mbili, na mhudumu wa afya wa kijiji kaniambia mama anasema harudi kutukanwa. Silali vizuri. Nimwendeeje? Na ulimi huu nitaudhibiti vipi?

Mstaafu wa Wodi: Mwanangu, mfuate kwake, usimwite zahanati. Acha sare, ongozana na huyo mhudumu. Ukiomba radhi usiweke "lakini nilikuwa nimechoka", utakuwa umemrudishia kosa. Na lile swali la "ulikuwa wapi" liache kabisa, linamfunga mama mdomo. Uliza homa ilianza lini, na nyumbani mlimpa nini. Hapo atakutajia miti shamba, au mabaki ya dawa ya kaka yake. Mama aliyeogopa hakwambii hayo, nawe unatibu gizani.

Mama Watatu: Nasema kama mgonjwa. Tukifokewa tunaitikia "ndiyo" kwa kila kitu ili tuondoke. Niliwahi kufika nyumbani na mseto sijui dozi ya pili natoa saa ngapi! Safari nyingine nesi akaniambia, "Hebu nieleze utakavyompa." Nikakosea, akanielekeza taratibu: ya pili masaa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Sijasahau hadi leo.

Tabibu wa Usiku: Foleni ya watu 60 hairuhusu hayo. Mimi kunawa mikono kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, nazitumia kushusha pumzi kabla ya mgonjwa mwingine. Na wazee naanza nao kwa "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi, uso unafunguka palepale.

Mama Watatu: Tabibu, nesi yule alitumia dakika moja tu. Ningerudi usiku na mtoto wa degedege, angetumia ngapi?

Nesi wa Kijijini: Ahsanteni sana. Mhudumu amekubali kunisindikiza Jumapili jioni. Nitabeba mizani ya kuning'iniza, akiridhia nimpime mtoto hapohapo uani.