MREJESHO: Kukata nyuma mkaratusi ulioinama, Veyula

Wakuu, niliuliza namna ya kuukata mkaratusi wa kipenyo cha sentimita 40 ulioinama sana bila shina kupasuka kwenda juu. Umelala chini salama. Asanteni mno.

Nilifuata ushauri wa kutoboa. Mdomo wa mbele (mkato wa pembe upande mti unakoangukia) ulikuwa na kina cha sentimita 9, uwazi nyuzi 70. Kisha ncha ya msumeno wa mnyororo ikapenya ubavuni, ikianza na pembe yake ya CHINI (ya juu hurusha msumeno usoni), nyuma ya bawaba ya sentimita 4 (mbao isiyokatwa nyuma ya mdomo, inayouongoza mti ukianguka). Nikakata kurudi nyuma, nikabakiza mkanda wa mbao isiyokatwa wa sentimita 5 upande wa mgongo. Mkanda ndio unaoushikilia mti. Ulipokatwa mwishoni, mti ukaondoka mara moja, shina halikupasuka hata kidogo.

Kilichoharibika ni mwelekeo. Msumeno uliingia mshazari, bawaba ikawa sentimita 6 kushoto na 3 kulia badala ya 4 kote, mti ukavutwa kushoto kama mita 2 na kuangukia uzio. Anayetoboa mti mnene kuliko huu akague kina pande zote mbili kabla ya kugusa mkanda.

Kabari sikuhitaji, maana mti uliinamia mbele. Aliyesisitiza kusafisha njia ya kukimbilia, mshazari kwenda nyuma, Mungu akubariki.