Mfereji wa kuhamisha maji kati ya mito miwili

Mkulima, Magu:
Ndugu zangu, Mto Simiyu hufurika wakati wa mvua, lakini kiangazi tunafukua mchanga wake ili kupata maji ya kumwagilia nyanya. Nasikia Pakistan huhamisha maji ya mto mmoja hadi mwingine kwa mfereji. Hufanyikaje?

Jibu, Nyegezi:
Mkataba wa Maji ya Indus wa mwaka 1960 ulipoipa India mito ya Ravi, Beas na Sutlej, Pakistan ilichimba mifereji ya kuunganisha mito, ukiwamo wa Chashma–Jhelum unaochukua maji ya Mto Indus hadi Mto Jhelum, ili mashamba ya mashariki yasikauke. Maji hutiririka kwa mteremko mdogo sana: ukizidi, kingo humomonyoka; ukipungua, tope hutuama na kuziba mfereji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko kuchimba kwenyewe.

Jibu, Misungwi:
Naongeza kwamba mto unaotoa maji lazima uwe nayo wakati mto wako umekauka, na mito yetu mingi ya Usukumani hukauka pamoja. Fikirieni kwanza bwawa, au pampu ya kuvuta maji ya ziwani, na kibali cha kutumia maji mkiombe Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, hapa Mwanza.