Leseni ya ukungu: Texas, Florida au New York?

BabaNasra (Columbus)
Habari zenu wakuu. Miaka minne sasa nakausha nyumba zilizoingia maji. Hapa Ohio jimbo halitoi leseni ya kuondoa ukungu, ile kuvu inayoota ukutani, na nataka kuhama nikaifanye kazi hii nikiwa na leseni. Nielekee wapi?

Mngoni_Houston
Njoo Texas kaka. Kibarua wa kuondoa ukungu anasoma saa 4 tu, anasajiliwa TDLR, idara ya leseni ya jimbo, anaingia kazini. Ukandarasi ndio mzito: darasa la saa 40, mtihani wa jimbo, na bima. Sheria inakubana ukungu ukifika futi za mraba 25 zilizoungana.

dada_wa_bronx
25 ni nyingi mno! Huku New York, tangu 2016, ni futi 10 tu, yaani kama nusu ya mlango. Kibarua anasoma saa 16. Na msiamini macho: juzi tuliitwa kwa doa la ukubwa wa sahani nyuma ya choo. Kung'oa jipsamu, nyuma kweusi mpaka darini.

Kibe
Leseni za nini? Virginia walikuwa nazo wakazifuta 2012. California hawana kabisa na watu wanakula.

dada_wa_bronx
@Kibe wanakula, ndiyo, ila mwenye nyumba ndiye analiwa. Shemeji yangu yuko California: fundi alikuja kupima, akakuta ukungu kila chumba, na bili ya kusafisha akaiandika yeye yule yule. Kwetu aliyekagua haruhusiwi kusafisha kazi hiyo hiyo. Texas nao hivyo hivyo.

Mswahili_Tampa
Na Florida: ukikagua nyumba, huigusi kwa usafi miezi 12. Leseni ni mbili tu, ya mkaguzi na ya msafishaji, kwa ukungu unaozidi futi 10. BabaNasra, wewe njoo huku. Cheti cha sekondari na uzoefu wa miaka 4 wa kazi inayohusiana vinakufikisha kwenye mtihani. Texas utaanza na ukibarua wa nini? Ila uzoefu wenyewe uuthibitishe.

BabaNasra (Columbus)
Hapo ndipo penye kazi. Bosi wa miaka miwili ya mwanzo alishafunga kampuni, simu hapokei.

Mswahili_Tampa
Anza na W-2 zako basi, zile fomu za mshahara na kodi anazotoa mwajiri kila mwaka. Unazo?

BabaNasra (Columbus)
Zipo kwenye boksi, chini ya nyumba. Nimetoka kulifungua sasa hivi. Zimeota ukungu.