Jina Mwanahamisi kwa mtoto mchanga, bado linafaa?

Mama kichanga, Tanga: Asalaam aleykum wapendwa, nimejifungua binti Alhamisi hapa Ngamiani na mume wangu anataka tumpe jina la bibi yake, Mwanahamisi. Mi nalipenda sana ila mashoga zangu wanasema la kizee, siku hizi watu wanaita kina Nasra na Ilham. Kuna aliyempa mwanawe karibuni?

Jibu: Hongera dada, Mungu akukuzie. Maana yake ndo hiyo, binti aliyezaliwa Alhamisi, wa kiume ni Hamisi, na wa Ijumaa ni Mwanajuma, wa sikukuu Mwanaidi. Halafu hilo Mwana la mbele huku pwani lina heshima yake, kama kumwita mtu bibi mkubwa, hata yule mshairi wa Pate wa karne ya 19 si anaitwa Mwana Kupona? Usiliache kwa maneno ya watu.

Jibu: Wangu nimemwita Mwanaidi, jina la marehemu mama, tena Bagamoyo nawasikia wengine wadogo wenye majina haya, yanarudi. Ila kwenye cheti cha kuzaliwa andikeni neno moja na msibadilishe hata herufi, mara Mwana Hamisi mara Mwanakhamis, shule na kitambulisho cha NIDA vitakuja kukusumbua.

Mama kichanga: Ahsanteni sana, la cheti sikuliwaza. Bibi mwenyewe yu hai, Pangani, kesho tunampigia simu tumwambie kapata somo wake.