Kuzurura mjini kwa miguu na mzee: Arusha au Moshi?

Isevya Junior
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mwezi wa saba nakuja kaskazini na baba yangu mdogo, mstaafu wa reli, mtu wa Tabora. Mbugani hataki kusikia, anasema tembo amewaona Ugalla hadi wakamchosha. Anachotaka ni kuzunguka mjini kwa miguu: kusoma vibao vya maduka, kuingia sokoni kuuliza bei ya vitu asivyonunua, kukaa mahali akanywa chai ya rangi, kusalimiana. Mimi mwenyewe kote huko ni mgeni kama yeye. Jumamosi tuna harusi ya binti wa shangazi Usa River, kwa hiyo Ijumaa yote ni yetu. Miguu ipo ila goti moja linamsumbua kwenye mteremko, na hapendi kuharakishwa. Tushukie Moshi au tusogee hadi Arusha? Nawasilisha.

Chalii wa Kaloleni
Arusha, hilo halina mjadala. Anzieni Mnara wa Saa asubuhi. Mtaambiwa hapo ndipo katikati ya Cape Town na Cairo. Mzee asimuliwe, afurahi, msianze kubishana vipimo. Mkifuata Boma Road mnafika sasa hivi kwenye Boma la Mjerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni makumbusho ya Elimu Viumbe. Jirani yake ni AICC, jengo la mikutano ya kimataifa, ilipokuwa ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa 2015.

Halafu mrudi mshike Sokoine Road, mkamalizie Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio. Jengo lile ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokaa Januari 1967. Mzee wa umri huo ukimleta Arusha akaondoka bila kuingia mle, umemleta kufanya nini?

Mangi wa Majengo
Chalii umetaja mambo ya maana, lakini umesahau goti. Kutoka Mnara wa Saa hadi Mwenge kwa mwendo wa mzee anayesoma kila kibao ni safari, na Sokoine ile, machinga upande huu, bodaboda upande ule, mtatembea kwa kufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Mtaongea saa ngapi?

Moshi mjini vitu vimekaa pamoja. Stendi, soko, misikiti, hekalu la Wahindi, mnara wa saa, vyote mnavifikia bila kupanda chochote. Double Road ina miti katikati, kivuli kipo, na mji ni msafi, sifa hiyo hata watu wa Arusha wanatupa kwa shingo upande. Jengo la KNCU liko pale karibu na mnara wa saa; chama chenyewe, cha ushirika wa wakulima wa kahawa, kimeandikishwa 1933, mzee ataelewa habari za ushirika kuliko sisi.

Tena umesema ni mtu wa reli! Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na kwa miaka mingi ikaishia hapo. Arusha walikuja kuunganishwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Mpeleke stesheni halafu wewe kaa pembeni umwache.

Mama Neema
Mimi nakaa Njiro, nimeolewa Arusha, kwetu Kibosho, kwa hiyo sina upande. Wote mnataja vitu vya kutazama. Mtu anayetembea na mzee anahesabu mambo mengine: atakaa wapi na atajisaidia wapi. Mjini Arusha ukitoka makumbusho, sehemu ya kukaa bila kuagiza chakula ni ya kutafuta. Vyoo vya stendi vipo, mnalipia, lakini siwasifii. Mkiamua Arusha, gaweni siku: asubuhi upande wa Boma, mle mchana, kisha bajaji hadi Azimio. Kutembea kwa miguu si nadhiri.

Halafu sweta. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba asubuhi watu wa huko kwenu mnatetemeka. Moshi iko chini zaidi, kuna ahueni.

Kibo Haionekani
Mangi usije ukamwahidi mzee wa watu mlima. Mwezi wa saba Kilimanjaro inaweza kujifunika siku nzima, na ikijitokeza ni alfajiri au jua likikaribia kuzama. Lala Moshi, amka mapema, ukiuona shukuru Mungu.

Flaikacha Mstaafu
Kuhusu usumbufu wa flaikacha, wale vijana wanaowaganda watalii pale Mnara wa Saa Arusha, niliifanya kazi ile. Flaikacha anaangalia viatu na begi la mgongoni. Mzee mwenye koti na kofia ya baraghashia hasumbuliwi, labda aombwe sigara. Shida yenu itakuwa bodaboda, wanapita hadi njia ya waenda kwa miguu. Mzee akae upande wa ndani, basi.

Isevya Junior
Nimemsomea uzi wote. Habari ya 1911 imemgusa vibaya, amesema reli ya kati ilifika Tabora 1912, "kwa hiyo hawa wametutangulia mwaka mmoja tu." Kuhusu umbali wa Sokoine amejibu kwamba Mwalimu alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka ule wa 1967 kuliunga mkono Azimio, yeye atashindwaje kufika Kaloleni kwenye makumbusho ya Azimio. Goti halikushirikishwa katika jibu hilo.

Je, miji yote miwili kwa siku moja haiwezekani? Asubuhi Moshi, mchana Arusha?

Chalii wa Kaloleni
Kilomita kama 80, Coaster zinaondoka muda wote. Inawezekana.

Mama Neema
Inawezekana kwa kijana. Coaster inasubiri ijae, inasimama Boma Ng'ombe, inasimama kila mwenye kuku anaponyoosha mkono, na trafiki wapo. Mzee atashuka Arusha amechoka na jua limegeuka. Hapo mtakuwa mmeonyeshana vituo vya mabasi.

Mangi wa Majengo
Nakazia. Ijumaa yote Moshi. Asubuhi stesheni kabla ya jua kali, kisha Mbuyuni sokoni. Mchana tafuteni mtori au ndizi nyama kwa mama ntilie, si hoteli. Jioni taratibu Double Road. Mbege, ile pombe ya ndizi, ya kweli iko juu vijijini, ya mjini msijaribu kabla ya harusi. Kuhusu treni, ulizeni kwanza stesheni kama ipo siku hiyo. Abiria walirudishiwa huduma hadi Moshi Desemba 2019, ila ratiba hubadilika.

Chalii wa Kaloleni
Na Azimio je?

Isevya Junior
Azimio ni Jumatatu wakati wa kurudi, tutalala Arusha kwa mjomba. Nimekubali Moshi kwa sababu moja tu: tutaweza kutembea sambamba. Mzee anaongea anapotembea, nikiwa nyuma yake sisikii kitu.

Mama Neema
Sawa kabisa. Na kwa kuwa harusi ni Jumamosi Usa River, Tengeru ni jirani pale mbele, na soko lake hujaa Jumatano na Jumamosi. Mpeleke asubuhi kabla hajavaa suti, akaulize bei za ndizi anavyotaka. Ila kama imenyesha usiku, viatu vya harusi viacheni nyumbani, ndani ya soko ni tope.