Fomu inauliza mshahara ninaoutarajia: niandike ngapi? (Mtwara)

Binti_Rondo
Habari za jioni wakuu. Nipo Lindi mjini, nimeitwa usaili Mtwara wiki ijayo: karani wa ghala la korosho, mkataba wa miezi sita. Tangazo lilisema tu "mshahara ni maelewano", sasa fomu ina mstari wa mshahara unaotarajiwa. Nataka nishike laki tano mkononi, na bodi ya mikopo ya wanafunzi bado inanidai. Niandike ngapi? Na nikiuliza mwenyewe siku ya usaili, wataniona nina tamaa?

Utumishi_Kusini
Dada, kuuliza mshahara si tamaa. Kinachoharibu ni kuuliza pesa kabla hujauliza kazi. Wakikuambia "una swali lolote?", anza na kazi: utaripoti kwa nani, ghala ni moja au mawili, zamu zikoje. Kisha sema: "Naomba kufahamu kiwango mlichotenga kwa nafasi hii, na kama ni kabla ya makato au baada." Halafu nyamaza. Wengi wanajiangusha hapo: kimya kikizidi kidogo wanajazia "lakini chochote tu nitashukuru", na bei imeshashuka.

Kwenye fomu usiache wazi, wala usirudishe neno "maelewano". Andika kiwango cha chini na cha juu, ukimalizia na "kabla ya makato". Cha chini kiwe kile utakachokubali kweli, maana ndicho watakachokishika. Wakiuliza ulikotoka ulilipwa ngapi, usidanganye. Wanaweza kukudai hati ya mshahara.

Mpiga_Hesabu
Laki tano ya mkononi si laki tano ya fomu. Mchango wako wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10, unatoka kwanza, ndipo PAYE (kodi ya mshahara) inakatwa kwenye kilichobaki: Sh 270,000 za mwanzo hazina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kisha hadi 760,000 asilimia 20.

Asiye na deni angeandika 577,778. NSSF 57,778, kodi 20,000, anaondoka na 500,000 kamili. Wewe bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 86,667 kwenye kiasi hichohicho, ungebaki na 413,333. Ili ushike laki tano unahitaji 730,000: toa NSSF 73,000, kodi 47,400, bodi 109,500, inabaki 500,100. Hapo nimechukulia yote ni mshahara wa msingi. Ningeandika 730,000 hadi 850,000. Kama ghala haliwezi kufika huko, ni heri ujue ukiwa bado Lindi.

Angalia pia SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na mchango wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Hayo ni ya mwajiri, yasionekane kwenye makato yako.

Mizani_Mtwara
Nyongeza kwa upande wa ghala. Uliza mshahara wa msingi ni ngapi na posho ni ngapi. Ukiambiwa laki saba, kumbe msingi ni laki tatu na nyingine ni posho, ovataimu yako itapigwa kwenye hizo laki tatu. Na msimu ukichanganya, malori yanashusha hadi usiku, kwa hiyo ovataimu si jambo dogo.

Hesabu yake: gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195 (wiki 4.333 mara saa 45), upate thamani ya saa. Msingi wa 600,000 ni kama Sh 3,077 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, kama 4,615. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili.

La pili, na hili ndilo linalowaumiza makarani: upungufu wa uzito. Korosho ikikaa ghalani hukauka, na gunia lililopokelewa leo halisomi vilevile baada ya wiki kadhaa. Uliza kabla ya kusaini: upungufu wa kiasi gani unakubalika, mizani inahakikiwa na nani, na ukizidi nani analipa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukukata kienyeji. Hasara iwe imetokana na kosa lako, upewe maelezo ya maandishi yenye kiasi na namna kilivyokokotolewa, upate nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kipengele kinachosema "karani atafidia upungufu wote" usikisaini kilivyo, omba kirekebishwe.

Binti_Rondo
Asanteni sana wakuu. Wakiniambia "anza kwanza, mshahara tutaongea"?

Utumishi_Kusini
Jibu: "Nipo tayari kuanza, naomba tu barua yenye kiwango, tarehe ya malipo na saa za kazi." Sheria inamtaka mwajiri akupe hayo kwa maandishi unapoanza, huombi fadhila. Usilipie chumba Mtwara kabla barua haijafika. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, na kuirudisha ni kazi.

Mizani_Mtwara
Na ukiombwa hela ya fomu au ya "mafunzo" kwa namba ya simu, usitume.